Jumamosi Zangu za Kigoma

Mwalimu anayejifunza kazi hupewa darasa kwa siku tano. Kwa siku mbili zinazobaki haambiwi neno. Hakuna anayemwonyesha aende wapi wala afanye nini. Mimi nilipopelekwa Kigoma, katika nchi ya Tanzania, kujizoeza ufundishaji tangu Septemba hata mwanzo wa Desemba mwaka 2013, nilizihesabu siku hizo mbili kuwa za kufua nguo na kusahihisha madaftari. Leo nikiyakumbuka niliyojifunza kule, naona mengi sikuyapata darasani. Niliyapata siku ya Jumamosi na Dominika, njiani kwa miguu, ufukoni kwenye samaki, na katika ua wa mwanamke mmoja mzee wa Ujiji ambaye nilimdanganya.

Mimi ni mtu wa Kalemie. Wasomaji wanaokaa mbali na ziwa letu wapate kuelewa: Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, nalo limegawanywa na nchi nne, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kalemie iko upande wa magharibi. Kigoma iko upande wa mashariki, nayo imeelekea kaskazini kuliko kwetu. Nilivuka usiku kucha katika mashua kubwa ya mizigo, nimelala juu ya maturubai. Asubuhi nilipoona vilima vyekundu vya Kigoma nilijiambia: hapa nitakuwa kama nyumbani, kwa sababu watu hawa husema Kiswahili nami nasema Kiswahili.

Hayo nilijiambia bila kujua. Nilikuwa nimesoma katika seminari ndogo, na huko mapadri walitufundisha Kiswahili cha vitabu, hata nikajidhania bingwa. Lakini mtu akichoka, au akikasirika, hurudi katika lugha ya mama yake. Nilipewa kidato cha pili, niwafundishe Kifaransa. Siku ya kwanza nilimwuliza kijana mmoja alikuwa katika masomo gani kabla ya kufika pale. Kwetu masomo ndiyo shule. Yule kijana akanihesabia kwa adabu: hesabu, jiografia, historia. Juma lile lile nikamwomba mpishi wa shule anionjeshe bukari na sombe, asisahau munyu. Akanitazama kama mtu aliyeombwa dawa. Kumbe bukari kwao ni ugali, sombe ni kisamvu, munyu ni chumvi, na lengalenga zetu kwao ni mchicha. Wanafunzi wakayakusanya maneno yangu katika karatasi, wakaipitisha chini ya meza. Niliikamata karatasi ile, nikaona imeandikwa vizuri kuliko kazi waliyoniletea ya Kifaransa.

Jambo lingine lilinichoma zaidi. Mama mwenye nyumba niliyopanga, mwanamke mwema asiye na hila, aliniuliza jioni ya tatu: “Mwalimu, ninyi mlikimbia mwaka gani?” Katika mkoa wa Kigoma, wilayani Kasulu, iko kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Kwa hiyo watu wengi wa mji ule wakisikia Mkongo hufikiri mkimbizi. Nilimjibu kwamba sikukimbia, nilikuja kwa barua ya chuo. Akasema, “Pole sana,” kana kwamba hakusikia.

Ndipo nilipoanza kutoka Jumamosi, ili nisikae nyumbani nikiulizwa.

Mara ya kwanza nilikwenda Kibirizi, ufukoni, kaskazini kidogo ya mji. Nilipakuta kama kwetu, na moyo ukatulia. Wavuvi hutoka usiku na taa za karabai, maana dagaa hufuata mwanga. Usiku wa mbalamwezi kubwa kazi husimama, kwa kuwa mwezi huwa umeangaza ziwa lote na taa haina nguvu tena. Alfajiri mitumbwi hurudi, na wanawake humwaga samaki juu ya mchanga na changarawe, wakiwageuza kwa mikono mpaka jua liwakaushe. Ufuko wote hung'aa kama bati. Nilisimama nikamwambia mama mmoja, “Ndakala hizi ni nzuri.” Akaniuliza ndakala ni nini. Nikamwonyesha. “Hawa ni dagaa,” akasema. Kisha nikamwonyesha samaki mrefu, mwembamba, wa rangi ya fedha, ambaye ndugu zetu wa Uvira na Bujumbura humwita mukeke. “Huyu ni mgebuka,” akasema, akaanza kucheka, akawaita wenzake waje wamsikie mtu asiyejua samaki. Nami nilikuwa nimewala samaki hao tangu nilipoota meno.

Siku ya Jumatatu niliacha kitabu. Nilichora samaki wanne ubaoni, nikaandika majina yao ya Kigoma, halafu majina yao ya ng'ambo, na mwisho nikawafundisha kusema kwa Kifaransa: huyu ni mkubwa, huyu ni mdogo, huyu anauzwa bei gani. Ilikuwa saa ya kwanza ambayo sikusikia kicheko. Mwalimu mwenyeji aliyewekwa kunitazama aliandika katika daftari lake maneno mawili tu, nami sikuonyeshwa.

Siku za Dominika, baada ya Misa, nilipenda kushuka mpaka kituo cha gari-moshi. Reli ile ilijengwa na Wadachi. Ilifika Kigoma mwaka 1914, ikitoka Dar es Salaam, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,250. Jengo la kituo ni lao pia, nalo bado laonekana imara. Chini yake iko bandari, na pale niliiona Liemba, merikebu ambayo babu zetu pia waliijua. Ilitengenezwa Papenburg katika Udachi mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 askari wa Kongo chini ya Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wadachi wenyewe waliizamisha, lakini kwanza waliipaka mafuta mazito mashini zake ili zisioze. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927. Wengi wanajua habari hiyo. Lakini ni wachache wanaojua kwamba Kigoma ilishikwa na Wabelgiji miaka kadhaa baada ya vita ile, na kwamba mkataba wa mwaka 1921 uliwaachia Wabelgiji nafasi ya kupitishia mizigo ya Kongo katika bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam. Nilipowasimulia wanafunzi, mmoja aliniuliza, “Kwa hiyo, Mwalimu, ninyi ndio mliotutawala?” Darasa zima likaangua kicheko, na safari hii nikacheka pamoja nao.

Sasa niseme habari ya Ujiji.

Mwishoni mwa Oktoba, kijana mmoja wa darasa langu, mwenye miaka 15, alinifuata mlangoni akasema: “Mwalimu, Jumamosi twende Ujiji, ukamsalimu bibi yangu.” Nilishtuka. Kwetu mtu akisema bibi yangu, asema mke wake. Nikamtazama kijana yule, hata ndevu hana, nikaanza kumpa mawaidha juu ya ujana, masomo na subira. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, kisha akaniambia polepole: “Mwalimu, bibi ni mama wa mama yangu.” Yaani yule ambaye sisi tungemwita nkambo. Basi, kwa aibu, sikuweza kukataa kwenda.

Kutoka Kigoma kwenda Ujiji si mbali. Mwenye miguu mizuri hufika kabla ya jua kuwa kali. Ujiji ni mji wa zamani kuliko Kigoma. Nyumba ni za udongo na matofali, barabara zimenyooka, miembe ni mikubwa na minene, na wazee husema miembe hiyo ilifuata njia ya misafara. Kijana alinipeleka kwanza kwenye nguzo ya ukumbusho, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mwembe wa siku ile haupo tena. Iliyopo ni miembe iliyozaliwa nao. Wageni huja wakapigwa picha hapo, wakarudi. Mimi nilikuwa nikiwaza jambo ambalo halikuandikwa kwenye nguzo: Livingstone alikuwa ametoka wapi? Alikuwa ametoka kwetu. Julai ya mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, na macho yake yaliona watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake sokoni, mamia wakafa, wengi wao majini. Hapo alivunjika moyo akarudi Ujiji, mgonjwa na mkono mtupu. Na njia aliyorudi nayo ndiyo njia ile ile ya pembe na watumwa, waliotoka Kasongo na Nyangwe, wakavuka ziwa, wakafika Ujiji, na wengine wakaendelea kwa miguu mpaka Bagamoyo kwenye bahari. Mapadri Weupe wa kwanza walipofika Ujiji mwaka 1879, biashara hiyo walikuwa wakiiona kila siku.

Niliuliza ziwa liko wapi, kwa kuwa vitabu vinasema mkutano ule ulikuwa karibu na maji. Mlinzi wa mahali pale akanyosha mkono mbali. “Ziwa lilirudi nyuma,” akasema. Akataka kuendelea, lakini mimi nilikwisha kukumbuka. Katika miaka ile mto Lukuga, unaotoka ziwani pale Kalemie, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Cameron aliuona hivyo mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876. Maji yakazidi kupanda hata mwaka 1878 yakabomoa kizuizi na kutiririka kuelekea Lualaba. Mmisionari Mwingereza Edward Hore, aliyekaa Ujiji, aliweka alama ufukoni akapima jinsi ziwa lilivyokuwa likishuka. Katika miaka iliyofuata lilishuka kama mita 10. Basi mlango uliofunguka kwetu ndio uliowanyang'anya watu wa Ujiji ufuko wao! Nilimweleza mlinzi. Alisikiliza, akasema nirudishe maji. (Siku hizi asingesema hivyo. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za Kalemie, za Uvira na za Bujumbura.)

Tulimkuta bibi ameketi juu ya mkeka uani, amejifunga khanga mbili, anachambua mchele. Nilisema, “Jambo, mama.” Hakujibu. Kijana akanivuta shati: “Mwalimu, sema shikamoo.” Kwetu salamu hiyo haisikiki sana. Nikasema, “Shikamoo, bibi,” na ulimi ukawa mzito kwa sababu mnayoijua. “Marahaba, mwanangu,” akajibu, akanipa kigoda. Kisha akauliza: “Wewe ni mmoja wa wakimbizi?”

Nasema kweli, nilikuwa nimechoka na swali lile. Nilikuwa nimesikia kwamba katika Ujiji wako Wamanyema wengi, nao wanaheshimiwa kama wenyeji wa zamani. Maneno yakatoka kabla sijayapima: “Hapana, bibi. Mimi ni Mmanyema, wa Kasongo.”

Yule mzee aliweka ungo chini. “Mmanyema!” akasema. “Hata mimi ni Mmanyema.” Akamtuma mjukuu dukani kununua sukari. Akanisimulia kwamba bibi yake alivushwa ziwa akali mtoto, mkono umeshikwa na mtu asiye baba yake, akakua Ujiji katika nyumba ya watu, akaolewa, akazaa. Hali ya utumwa ilipofutwa kwa sheria katika Tanganyika, mwaka 1922, bibi yake alikuwa tayari ana wajukuu, wala hakuwa na mahali pa kurudi. Kisha akaanza kuniuliza. Kasongo ikoje? Mto uko karibu? Watu wanalima nini? Mimi sikuwahi kufika Kasongo hata siku moja. Lakini jiografia nilikuwa nimeisoma vizuri. Nikamweleza Lualaba, upana wake na rangi yake. Nikamweleza mashamba ya mpunga, na michikichi inayosimama kila upande. “Michikichi!” akasema. “Kumbe kama hapa kwetu.” Akafunga macho kidogo. Nilizidi kueleza. Nilipokuwa nikiondoka alinipa embe mbili za kwanza za msimu. “Ule,” akasema, “lakini kokwa uzichukue ukazipande kwenu Kasongo. Hapo alipotoka bibi.”

Njiani kijana aliniambia hajapata kumwona bibi yake amefurahi namna ile. Sikumjibu.

Kokwa ya embe haingoji, ikikauka imekufa. Nilizifukia zote mbili ndani ya kopo la maziwa, nikaliweka dirishani. Moja iliota. Kila asubuhi, nikifunga vifungo vya shati kabla ya kwenda kuwafundisha watoto wa watu wasiseme uongo, niliona majani yale mekundu yakinyoka.

Kwa majuma kadhaa nilikwenda kila mahali isipokuwa Ujiji. Jumamosi moja nilipanda mashua ya abiria pale Kibirizi nikalala Mwamgongo, kijiji kilicho kaskazini ya hifadhi ya Gombe. Mle hifadhini sikuingia. Kongo ilikuwa bado kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki (iliingia mwaka 2022), hivyo mimi ningelipa bei ya mgeni wa mbali, na mfuko wangu haukuwa na bei hiyo. Niliitazama misitu yake nikiwa ndani ya mashua, pamoja na nyani waliokuwa wakitembea ufukoni kama wenye mahali. Hapo ndipo alipofika Jane Goodall Julai ya mwaka 1960, akiwa na miaka 26, bila shahada yoyote ya chuo kikuu. Yeye (aliyefariki Oktoba ya mwaka 2025) alikaa kimya akawatazama sokwe miezi mingi, akawapa majina badala ya namba, na mwaka ule ule akamwona mmoja akitumia kijiti cha nyasi kuvua mchwa kichuguuni. Jambo hilo wataalamu walikuwa wakisema ni la binadamu peke yake. Darasani kwangu wanafunzi walikuwa zaidi ya 40, nami nilikuwa nikijua majina kumi na mawili. Niliporudi nilijitahidi mengine.

Jumamosi ya mwisho nilikwenda Ujiji peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, hewa imetakata, na kutoka kilimani milima ya Kongo ilionekana wazi ng'ambo ya maji. Ile ni milima ya Fizi, si ya kwetu Kalemie, lakini siku ile niliichukua kuwa yangu.

Bibi alikuwa mahali pale pale, na ungo wake. Nikasema shikamoo, nikaketi, nikasema kabla sijapewa chai: “Bibi, nimekuja kukuomba radhi. Mimi si Mmanyema. Sijafika Kasongo. Mimi ni mtu wa Kalemie.”

Aliendelea kutoa mawe katika mchele.

“Na ile habari ya mto?”

“Niliisoma kitabuni, bibi.”

“Na michikichi?”

“Hiyo pia. Michikichi iko kweli, lakini sikuiona kwa macho yangu.”

“Nilimsimulia binti yangu habari ya michikichi,” akasema. “Alikuja Jumanne, nikamsimulia yote. Sasa nitamwambia nini?”

Sikuwa na jibu. Kuku walipita katikati yetu. Nilifikiri ataniambia niondoke, nami nilikuwa tayari. Baada ya muda mrefu alisema, bila kunitazama: “Hapa Ujiji kila aliyetoka ng'ambo aliitwa Mmanyema. Aliyekuwa Mbwari, aliyekuwa Mgoma, aliyekuwa Mholoholo, hata asiyejua ni nani, wote Wamanyema. Bibi yangu alichukuliwa mdogo. Jina la kijiji chake hakulijua. Watu walimwambia, Wewe Mmanyema, akakubali. Mama yangu akakubali. Nami nikakubali.” Akapepeta ungo. “Labda alikuwa wa huko huko kwenu. Nani anajua.”

Chai ilikuja, imechelewa. Aliniuliza juu ya Kalemie, nami safari hii nilimweleza niliyoyaona: mlima ulio juu ya mji, mto Lukuga na daraja lake, ufuko ulivyo na upepo mwezi wa Agosti, mama yangu anavyouza ndakala. “Dagaa,” akanisahihisha. Nilimwuliza nifanye nini na mche ule. Akasema mche haujui kwenda Kasongo wenyewe, niupande nilipo.

Niliuvusha ziwa magotini, ndani ya kopo lake. Ofisa mmoja bandarini alitaka kujua ni dawa ya nini. Sasa uko nyuma ya darasa la sita katika shule ninayofundisha, umepita paa, nao huzaa. Wanafunzi hupanda wakati wa mapumziko na kuzila embe mbichi kwa munyu, na mimi nimechoka kuwakataza.